Waya Nilioukata Chini ya Meza

Zaina mwanangu,

Leo nimekusalimu mara nyingi mno, kila nilipopita mlangoni mwako bila shughuli yoyote, kwa hiyo salamu niziache. Mambo ya safari nayo nayaacha. Mama yako ameshaandika dawa na saa zake, shangazi yako Mwajuma atakupokea Kigoma meli ikitia nanga, na Mwalimu Goreti, aliyekufundisha kabla hujaumia, atakuwa nawe njia nzima mpaka Tabora. Hakuna la mimi kuongeza.

Naandika nikiwa atelie, humu karakanani mwangu, kwenye kile kiti cha wateja. Kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, imeshaingia na mtaa wote wa Jabe umenyamaza. Ndani siwezi kurudi kwa sasa, kwa sababu mama yako amenifungia mlango. Kwa nini amenifungia, nitakueleza nikifika hapo. Lazima nianze na siku uliyoumia. Mimi na wewe hatujawahi kuizungumza, na katika nyumba hii imesimuliwa vibaya kwa miaka minne. Aliyeisimulia vibaya ni mimi.

Unakumbuka mji wa Bujumbura ulikuwa umefungwa. Tangu asubuhi vijana walikuwa wameweka mawe na matairi njiani, maduka yote yameshusha milango. Mimi nilikuwa na redio ya mzee mmoja mezani, nimemwahidi ataikuta tayari mchana. Risasi ya kulehemu ikaniishia, vimebaki viunganisho viwili tu. Nikakuita. Ulikuja na kitabu mkononi, kidole kikiwa ndani ya ukurasa.

"Kimbia kwa yule mwenye duka nyuma ya soko," nikakwambia. "Piga mulango wa nyuma, sema ni mi nimekutuma, akupatie risasi ya kulehemu."

Ukaniuliza, "Baba, si mji umefungwa?"

Nikakujibu, "Musichana hawamugusi."

Nilikuwa na miguu miwili mizima, Zaina. Redio ile haikuwa na haraka yoyote. Mzee mwenyewe hata asingethubutu kutoka nyumbani kwake siku ile. Niliogopa kwenda, na kwa kuwa niliogopa nikakutuma wewe. Mtu akitaka kujificha nyuma ya mtoto hakosi sababu nzuri ya kujipa. Yangu ilikuwa kwamba wewe ni msichana, una kitambaa kichwani, una miaka kumi na mitano, nani atakufanya nini. Guruneti lililorushwa karibu na soko halikuuliza umri.

Hospitalini mama yako alinikuta nimesimama ukutani. Shati langu lilikuwa na damu yako. Akaniuliza mbele ya watu, "Ni nani alimutuma mutoto inje?"

Nikasema, "Hakuna mutu. Ameenda mwenyewe."

Sikukusudia kudanganya miaka minne. Nilikusudia kudanganya dakika ile moja tu, mpaka daktari atoke. Daktari akatoka, akasema utaishi, lakini kile kipande cha chuma kilichoingia kichwani kimechukua ulimi, na vidole huenda visifunguke tena. Nikajiambia nitasema kesho. Uongo ukilala usiku mmoja ndani ya nyumba, asubuhi unakuwa na mkeka wake.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, ila hukuwa na njia ya kuyasema. Mama yako alikupenda na alikukasirikia kwa wakati mmoja, na hasira ile niliiwasha mimi. Kila alipokulisha, kila alipokuvisha, alirudia yale yale: "Kichwa yako ni ngumu, Zaina. Ungekaa ndani ungekuwa muzima." Nawe ulitoa ile sauti, ukapiga ngumi mezani, uji ukamwagika. Tulisema ni maumivu. Mama yako kweli alidhani ni maumivu. Mimi nilijua ni nini, nikachukua kitambaa nikapangusa uji.

Nikakufungia. Dirisha la chumba chako nililipigilia mbao kwa ajili ya risasi za kupotea, nikasema ni la mwezi mmoja. Likakaa miaka mitatu. Wageni waliokuja kukuona niliwapokea mimi atelie, wakiuliza hali yako nikawajibu mimi: anaendelea vizuri, amelala, hapendi watu wengi. Hukuwa umelala. Niliambiwa na watu wa Jabe kwamba mimi ni baba mwenye huruma sana, nami nikashukuru.

Mashine sikuitafuta. Ilinikuta. Mhasibu mmoja wa Gihosha, mteja wangu wa zamani, alipoamua kuihama nchi aliniletea kompyuta yake nimtunzie, na klaviye yake, lile bao la herufi, ikiwa imemwagikiwa soda, nusu ya herufi haziandiki. Nikaifungua niisafishe. Ndani nilikuta karatasi mbili za plastiki zenye mistari, na pembeni plaketi moja ya kijani, ndogo, urefu wa kiganja, ina meno meusi safu mbili. Vile vitufe vyote tunavyovibonyeza ni vya kupitishia tu. Kazi yote inafanywa na ile plaketi.

Plastiki zilikuwa zimegandana kwa sukari, hazifai. Nikachukua kipande cha waya, nikagusisha jino moja la safu hii na jino moja la safu ile. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea R.

Nikamwita mama yako mbio. Akaja na mwiko.

"Nini?"

"Tazama. R."

"R ya nini?"

"R tu."

Akanitazama, akarudi jikoni. Lakini mimi nilibaki pale, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Kila herufi ni mahali nyaya mbili zinapokutana, basi. Zikutane chini ya kidole au chini ya ngumi, plaketi haijui tofauti. Ukizitoa nyaya nje, ukazipeleka mbali kadiri unavyotaka, ukazifunga kwenye kitufe kikubwa kama kisahani, mtu asiye na vidole ataandika.

Nilimaliza juma zima nikigusisha jino kwa jino na kuandika kwenye daftari lako la shule: hili na hili ni A, hili na hili ni M. Kulehemu kulinishinda kwanza. Yale meno yamepakwa kitu cheusi kama mkaa, risasi inateleza kama maji juu ya jani la mhogo. Nikayakwangua kwa wembe taratibu mpaka shaba ikaonekana, hapo risasi ikashika. Vitufe vipya havikuwepo, huo ulikuwa wakati wa vikwazo, hata sindano haikuingia nchini. Nikawaendea mafundi magari. Wale watu walipekua magari yaliyoungua, wakanitolea vitufe vya honi kutoka katikati ya usukani, kimoja kimoja, wengine wakanisafishia masizi. Hawakuniuliza mengi. "Ni ya Zaina?" "Ni ya Zaina." Nilivipanga ishirini na sita juu ya mlango wa kabati, kimoja cha nafasi, kimoja cha kufuta, vingine herufi, vimeachana kiasi ngumi yako isiguse viwili.

Siku ulipoketi mbele yake nilitegemea, sijui, neno Baba. Ulichukua karibu robo saa. Mkono ulikuwa ukirukaruka, ukikosea ukifuta. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yako, ameshika mdomo. Kisha tukasoma: "chai ni moto sana".

Miaka mitatu tulikuwa tukikuunguza ulimi kila asubuhi. Ulipogeuza uso, tulisema ni ukaidi.

Siku ya tatu uliandika "baba umeniibia herufi". Nikacheka, nikakwambia Kiswahili hakina haja ya Q wala X, vitufe vilikuwa vimepungua, nikaziacha. Ukaandika, polepole, na sehemu ile ya herufi ukaacha pengo: "kifaransa maswali mengi yanaanza na ile". Nikafikiri. Kweli. Nani, nini, lini, ipi, kwao zote zinaanza na Q. Nilikuwa nimekutengenezea mdomo usioweza kuuliza. Kesho yake nikaenda kwa mafundi kutafuta vitufe viwili zaidi, na njiani nilijisifu jinsi nilivyo baba msikivu.

Lakini kuna jambo hukulijua. Kila ulipopelekwa kuoga nilikuwa nikikaa mbele ya kompyuta nasoma ulichoandika. Nilijiambia naangalia kama nyaya zinashika. Nilikuwa natafuta siku ile. Niliogopa kwamba asubuhi moja mama yako ataingia na kukuta imeandikwa kwenye kioo: ni Baba aliyenituma. Nilitengeneza mashine kwa mikono hii, kisha nikawa naiogopa kama bariyeri ya askari barabarani.

Haikutokea. Uliandika kuhusu vitabu, kuhusu kelele za paa, ukaomba mbao za dirisha zitolewe nami nikatoa mbili. Hukuliandika lile.

Kumbe ulikuwa ukiandika lingine. Mwalimu Goreti alikuwa akija kutoka Musaga siku barabara ya kusini ikiwa wazi, mnakaa, mnacheka kwa namna yenu. Ndiye aliyebeba disketi yako mpaka ofisi moja mjini, akachapisha barua, akaituma Tabora kwa shangazi yako. Mimi nilikuja kujua jibu lilipofika posta kwenye sanduku langu. Nililifungua. Lilikuwa na jina lako juu nami nikalifungua. Shangazi alisema amezungumza na watu wa kituo kinachosomesha vijana wenye ulemavu. Wanakukubali, na uje na mashine yako, kwa sababu wapo wengine pale wasioweza kushika kalamu nao wanataka kuona ilivyotengenezwa.

Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye jua. Mtu mwingine angekimbia nyumbani akipiga kelele za furaha. Mimi nilirudi atelie, nikafungua redio mbovu, nikaificha barua ndani, nikafunga skrubu nne. Kisha mlipokuwa uani nikaingia chumbani kwako, nikalala chali chini ya meza, nikakata ule waya unaotoka kwenye plaketi kwenda kwenye kompyuta.

Uliporudi, ukabonyeza, kioo hakikuonyesha herufi hata moja, nikaizima kompyuta. Nikasema, "Plaketi imeungua. Nyingine haipatikani Bujumbura, mama, tuvumilie."

Nimejiuliza mara nyingi ni hofu ipi iliyoshika koleo mkononi mwangu. Ya njia, kwa kuwa njiani watu walikuwa wanateremshwa kwenye magari na kuuawa? Ilikuwepo, wala si ndogo. Ya kukukosa? Ipo hata sasa. Lakini chini kabisa ilikuwepo ile nyingine: kwamba ukifika mahali ambapo watu wanakusikiliza, utasema, na sitakuwa hapo kupangusa uji. Nilichanganya hofu zote tatu nikaziita mapenzi. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la kukutuma. Kukutuma ilikuwa woga wa dakika moja. Ule waya nilikuwa na miezi mitatu ya kuuunga, na kila siku niliamka nikaamua upya nisiuunge.

Goreti aliniuliza mlangoni, "Baba Zaina, jibu ya Tabora haijafika?"

"Apana, bado. Hizi posta zetu unazijua."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia kwako. Nikasikia kimya. Zamani mkiwa wawili hakukuwa na kimya.

Wewe hukuacha. Kila asubuhi ulijikokota mpaka mezani, ukakaa mbele ya kioo cheusi, ukapiga vitufe. Mama yako alisema, "Masikini, akili imeanza kumuruka." Mimi nilipita tu. Mpaka mchana mmoja mvua ilinizuia ndani, nikaketi kitandani pako nikawa naangalia ngumi zako. Vitufe vile nilivipanga mimi, Zaina. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua bila kutazama kwamba kile chenye alama ya moto ni N na kile kilichopasuka ni J. Nikakufuata bila kutaka. B. A. B. A. Nafasi. N. A. J. U. A. Ukapumzika. Ukaanza tena: Baba najua.

Sikujua ulikuwa umeyaandika mara ngapi, kwa siku ngapi, kwenye kioo kilichokufa, ukingoja mtu mmoja tu anayeweza kuyasoma aketi atazame.

Hukugeuka. Nilitoka nikaleta chuma cha kulehemu, nikalala chini ya meza, nikaunga waya machozi yakiniingia masikioni. Kisha nikaleta barua nikaiweka mbele yako, bahasha imechanwa tayari. Uliisoma mara mbili. Ukaandika: "kitu kikiungua kinanuka ulinifundisha wewe". Basi. Mimi nikaenda kuomba karatasi za safari, nikapanga foleni siku nyingi, nikajifanya kwamba kule kupanga foleni ni kuomba radhi.

Haikuwa. Kwa hiyo leo, baada ya swala ya alasiri, nilimkuta mama yako anakunja nguo zako. Nikaketi chini. Nikamwambia, "Hadija, siku ile mutoto hakwenda mwenyewe. Mi ndiye nilimutuma. Alinikumbusha mji umefungwa, nikamutuma tu."

Aliendelea kukunja. Alikunja gauni lile la bluu, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne namuita kichwa ngumu. Namulisha, namutukana. Na we unakaa pale unasikia."

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwa na mashine. Angeweza kuniambia."

"Ndiyo."

"Kwa nini hakuniambia?"

Kwa mara ya kwanza sikukujibia. Nikasema, "Umuulize mwenyewe." Akasimama, akaingia kwako, akafunga mlango wa ndani kwa funguo.

Ndivyo nilivyofika kwenye kiti hiki. Tangu wakati huo namsikia akilia, kisha ananyamaza, kisha vitufe vyako vinalia tak, tak, na yeye anasoma herufi kwa sauti ya chini kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukuta huu ni mwembamba. Nikitega sikio nitapata kila neno. Nimewasha redio, Zaina. Imeshika kituo kisicho na kitu ila kelele, na nimeiongeza sauti.

Alfajiri nitakuja kufungua mashine. Nitaondoa plaketi, nitaifunga kwenye fulana yangu, vitufe nitaviacha kwenye ubao wake, kila kimoja nikikiandika herufi yake. Daftari lenye ramani ya meno nimelinakili upya, kwa mwandiko unaosomeka, ili wale wenzako wa Tabora watengenezewe yao bila kungoja fundi kutoka Jabe. Mwambie atakayelehemu akwangue kwanza, asiwe na haraka, na asimchagulie mtu herufi.

Bandarini nitabaki ng'ambo ya geti. Karatasi hazinipi ruhusa ya kupita, na hata zingenipa nisingepita. Ofisa atakuuliza jina, na Goreti ameshaahidi kutojibu. Utamgusia herufi kwenye ule ubao, utachukua muda na watu nyuma yako watanung'unika. Waache wanung'unike.

Mimi nitarudi nyumbani kwa mama yako. Sijui nitaukuta mlango umefunguliwa au umefungwa. Mji bado ndio huu, bariyeri ziko palepale, jioni inakuja mapema kwa amri. Nitang'oa mbao zilizobaki dirishani kwako, ingawa hutakuwepo. Zilistahili kuondolewa ukiwa ndani, najua.

Hujawahi kuniambia kama umenisamehe, wala sikuulizi. Nimekaa na watu wengi waliosema wamesamehe kwa sababu walikuwa wanamtegemea mtu kwa chakula. Kesho hutanitegemea. Ukifika, ukitulia, ukiwa na mlango wako mwenyewe wa kufunga, kaa uniandikie lililo kweli. Likiwa ni hasira, andika hasira yote, kurasa zote, wala usinipunguzie. Nitaisoma nimeketi.

Baba yako